Mchanga Ndani ya Wingu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9, saa nane mchana.

Mpendwa mwanangu, Bi Kwanini,

Pokea salamu zangu nyingi, zile za kukumbatiana mpaka mbavu zilie. U hali gani? Na mkwe wetu hajambo? Baridi ya huko mlimani imepungua, au bado mnalala na soksi? Nasikia mtu akikaa juu sana hewa inakuwa haba na hamu ya kula inakwisha. Tafadhali kula hata kama huna hamu. Wewe tangu utotoni ukizama kwenye jambo unasahau kwamba una tumbo.

Sisi huku hatujambo, kwa kipimo cha watu wazima. Goti langu la kulia limeamua kustaafu miaka mitatu baada ya mwenyewe kustaafu, kwa hiyo ngazi nazipanda moja moja huku nikizitukana. Mama yako presha imetulia, ila chumvi bado anaiba. Baba yako mgongo unamsumbua, na ukimuuliza atakwambia hana hata mchubuko. Juzi nilimkuta kazini, fundi mwashi wa miaka sitini na minne, yuko juu ya jukwaa anapiga lipu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika kiuno. Aliponiona akauondoa haraka, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Sasa niingie kwenye lililoniketisha hapa. Leo ni Jumapili ya tano hujapiga simu. Nimekupigia mara kadhaa, imeita mpaka ikachoka. Ndiyo maana nimetafuta kalamu na karatasi, kwa sababu barua haikatiki katikati. Nataka nikueleze kosa lilivyotokea. Kosa ni langu mimi, tangu mwanzo hadi mwisho. Ukishasoma, ukitaka kuendelea kuninunia mimi, ninunie kwa raha zako. Lakini baba na mama yako wapigie. Wao kosa lao ni moja tu, kwamba waliniamini.

Picha yako ilifika siku ya Jumanne mchana. Nilikuwa mezani nachambua mchele, mama yako ameenda kliniki. Nikapangusa mikono, nikafungua bahasha. Ikaanguka picha moja tu, ndogo kama kiganja, nyeusi na nyeupe. Pembeni giza tupu. Katikati ukungu, umetanda kama maziwa yaliyomwagwa kwenye chai kabla hujakoroga. Na ndani ya ukungu huo kuna kitu cheupe, saizi ya harage, kimejikunja kidogo, upande mmoja mnene kuliko mwingine.

Nikageuza nyuma. Mwandiko wako ule wa kukimbia: “Shangazi mkunga, mchanga wangu wa kwanza! Kwa macho bado, mashine tu ndiyo imeona. Silali kwa furaha. Barua ndefu inafuata.”

Haya, nihukumu mwenyewe. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka arobaini. Miaka kumi ya mwisho walituletea ile mashine ya kupiga picha ya tumbo, na mimi niliyezoea kupapasa kwa mikono niliinunia mwaka mzima, halafu nikajifunza kuisoma kuliko walioileta. Picha za giza, ukungu na harage jeupe nimezitazama maelfu. Halafu naandikiwa nyuma yake neno “mchanga” na neno “mkunga” kwenye mstari mmoja. Ningefikiria nini kingine?

Nikaipeleka dirishani, nikavaa miwani, nikapima kwa ukucha. Wiki kumi na mbili, nikasema peke yangu kwa sauti. Amelala vizuri. Na kwa jinsi alivyojikunja, wa kike. Mwanangu, hakuna mkunga aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kujua wa kike au wa kiume kwa picha kama ile, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwakaripia wanafunzi kwa kubahatisha. Furaha ilikuwa imeshanipanda kichwani, basi.

Baba yako akarudi, nywele nyeupe kwa saruji. Nikampa picha huku nimefunga mdomo kwa nguvu, nikisubiri uso wake ufunguke. Yeye akaanza na maandishi. Akasoma, akakunja uso, akasoma tena.

“Amenunua mchanga,” akasema.

“Nani?”

“Mtoto. Ameanza kujenga huko. Tripu yake ya kwanza hii.” Akaigeuza picha, akaitazama kwa jicho la kazi. “Lakini una udongo mwingi. Wamemwibia. Na mbona ameleta mchanga kabla ya mawe?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, wewe mzee, mchanga gani unaopigwa picha na mashine? Akasema siku hizi kila kitu kina mashine, hata zege. Nikamwambia huyo ni mtoto mchanga, ni mjukuu wako. Akasema mjukuu hana chembechembe. Tukavutana hapo karibu saa nzima, mwashi na mkunga, kila mmoja ameshika upande wa picha na neno lake moja. Ungekuwepo ungetuuliza kwa nini Kiswahili kikatumia neno lile lile kwa vitu viwili, na sisi tungekosa la kujibu kama kawaida.

Aliyeamua kesi ni mama yako. Aliingia, akaichukua picha mikononi mwetu, akasoma nyuma, akaiweka kifuani. Akaanza kulia, kile kilio cha kimya, mabega yanatikisika. Baba yako alipomwona hivyo akaachana na mchanga wake. Akasema basi, huenda ni mtoto kweli. Akatoka kwenda bombani kunawa mikono, na alinawa mikono hiyo muda mrefu sana.

Hapo ndipo nilipopaswa kujizuia. Umeandika kwamba barua ndefu inafuata. Mtu mwenye akili angeisubiri. Lakini unanijua. Kabla ya jioni alijua mshonaji wa hapo chini, akajua mwenye duka, wakajua wenzangu watatu wa zamani wa wodini, na mmoja wao nilimpigia simu makusudi kwa sababu ana tabia ya kujisifu kwa wajukuu. Mama yako akatoa uzi wa manjano kabatini akaanza kofia.

Jumapili ikafika. Saa yako ya kupiga ilitukuta watu kumi na mmoja chumba cha mbele, wengine wamekaa kwenye mikono ya makochi. Mimi ndiye niliyebonyeza spika. Ukasema, “Hamjambo wote?” kwa ile sauti yako ya furaha, na sisi tukaipokea kwa kelele. Hongera, hongera, kila mtu anagombania kuwa karibu na simu. Baba yako, ambaye kwa simu husema maneno manne tu, akainama akasema, “Mwanangu, Mungu amekurudishia.”

Nalisikia neno hilo mpaka leo. Alisema kwa upendo wote alio nao, na wewe uliyempoteza mtoto wako akiwa na miezi saba tumboni, miaka miwili tu iliyopita, uko peke yako huko juu unalisikia bila kujua limetoka wapi.

Kisha ukasema, “Baba, ni nyota.”

Na mtu mmoja humu ndani, sitamtaja ila goti lake ni bovu, akapiga kofi akasema, “Haya! Nyota! Jina zuri!”

Tuliendelea kushangilia kwa dakika nzima wakati umeshakata simu. Mwenye duka ndiye aliyegundua.

Barua yako ndefu ilifika Jumatano. Niliisoma kwanza peke yangu, nimekaa ukingoni mwa kitanda, mlango nimeufunga. Kurasa saba. Mstari wa tatu tu nilikuwa nimeshaelewa: nyota ndiyo kwanza inazaliwa, ndani ya wingu la vumbi. Nikaona joto linanipanda masikioni, nikatamani sakafu ifunguke niingie mzima mzima na goti langu. Nikajikaza, nikaenda jikoni, nikawasomea wazazi wako kwa sauti, zote saba, bila kuruka. Mama yako alisikiliza huku sindano zimetulia mapajani. Mwishoni baba yako akasema, “Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi.” Alitaka kutuchekesha, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo nikaona haitoshi kujua kwamba nimekosea. Nikataka kujua nilichokosea ni kitu gani. Maana mwanangu, kusema kweli, miaka yote hii tumekuwa tukijibu watu kwamba unafanya kazi “kwenye darubini”, kama mtu anavyosema yuko bandarini au benki, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza unatazama nini. Wewe uliyetuuliza kwa nini mara elfu, sisi hatukukuuliza hata mara moja. Nimeona aibu kwa hilo kuliko hata kwa ile simu.

Unamkumbuka mpangaji wa juu, mwalimu wa sayansi, yule mwembamba anayekohoa kabla ya kusema? Nikampelekea picha na barua. Akaniambia hivyo havielezwi kwenye ngazi, nije shuleni Jumamosi. Nikaenda. Nikakalishwa dawati la mbele, goti halikuingia, nikakaa upande upande kama abiria. Yeye akashika chaki, na nakwambia, yule mtu akishika chaki hakohoi.

Akanichorea wingu lako. Akasema vitabuni linaitwa nebula, lakini tuliite wingu, kwa sababu ni gesi nyepesi kuliko zote na vumbi laini kama moshi, limetanda mahali peusi na penye baridi isiyosemeka. Kubwa kiasi kwamba mwanga wenyewe, pamoja na mbio zake zote, unachukua miaka na miaka kutoka ukingo hadi ukingo. Na kwamba mle ndani, pole pole, sehemu inaanza kujivuta yenyewe kwa yenyewe, inakusanyika, inabanana, na kadiri inavyobanana ndivyo inavyopata joto. Huyo ndiye mchanga wako. Mwalimu alinisahihisha kwamba kwa usahihi inatakiwa isemwe “nyota changa”. Nikamwambia mwanangu ameandika mchanga, na mwenye mtoto ndiye anayejua.

Nikamuuliza, kama haionekani kwa macho, nyinyi wa huko kwenye darubini mmeionaje? Akasema vumbi linazuia mwanga lakini joto linapenya, na mashine yenu inaona joto. Hapo nikaelewa vizuri kuliko alivyotegemea. Usiku wa zamu, mtoto amefunikwa blanketi gubigubi, huna haja ya kumfunua ili ujue ana homa. Unaweka mkono juu ya blanketi. Mwalimu akasema ndivyo hasa, na akaandika ubaoni neno “blanketi”, akalipigia mstari. Nadhani sasa wanafunzi wake watalisikia.

Nikaendelea na maswali ya kazi yangu. Uchungu unachukua muda gani? Akasema miaka laki kadhaa, pengine mamilioni. Nikasema maskini mama huyo. Anazaa mmoja mmoja au mapacha? Akasema mara nyingi makundi, mamia kwa maelfu. Nani anapokea? Hakuna. Nani anamfunua? Akasema nyota yenyewe ikishapata nguvu inapuliza, inalisukuma lile vumbi mbali nayo mpaka inaonekana. Nikasema hapo sawa, wapo watoto wa namna hiyo, nimewahi kupokea mmoja na sasa yuko mlimani na soksi.

Lakini kuna jambo alilisema akiwa ameshafuta ubao, anajipangusa chaki, bila kujua anamwambia nani. Alisema si kila kinachojikusanya mle kinafika kuwa nyota. Vingine vinaanza vizuri kabisa, vinabanana, halafu vinatawanyika. Nikamuuliza vinakwenda wapi. Akasema havina pa kwenda, vinabaki kwenye wingu hilo hilo.

Najua unachofikiri hapo ulipo. Unasema, haya, shangazi ameanza mawaidha. Hapana. Sina mawaidha, na ningekuwa nayo ningeyameza. Mtoto si wingu. Nimekuandikia kwa sababu nilipotoka pale darasani nilishindwa kushuka ngazi mbili za mlangoni, nikakaa juu yake, na haikuwa goti.

Nikuambie kitu cha wodini ambacho sijawahi kukuambia. Tulikuwa na utaratibu wetu. Mtoto akizaliwa kimya, tukajaribu yote na bado akawa kimya, mmoja wetu alimfunga haraka kwenye shuka ya kijani akatoka naye kwa mlango wa nyuma, ule wa kwenda kufulia. Mwingine alibaki, akasimama kati ya kitanda na mlango huo, ili mama asione. Hatukumwonyesha. Hatukumwambia hata kama ni wa kike au wa kiume. Tulifundishwa kwamba asichokiona hakitamuuma, na mimi nikawafundisha waliokuja baada yangu. Mwili wangu ni mpana. Nilikuwa hodari wa kusimama pale.

Kuna mama mmoja aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa, “Sista, alikuwa wa kike au wa kiume?” Nikamwambia, “Pumzika kwanza.” Akapumzika, akaruhusiwa, akaenda zake. Miaka sita baadaye alikuja kwenye chanjo na mtoto mwingine mgongoni. Akanitambua, akasogea, akaniuliza swali lile lile. Nami sikukumbuka. Nilisimama pale na sindano mkononi, sikukumbuka.

Ulipopatwa na lako, sisi tukiwa huku na wewe huko, nilikuambia kwa simu kwamba bado u kijana, utapata mwingine. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo kwa wanawake wengi mno, yalitoka yenyewe. Nilidhani nakupoza. Sasa naona kwamba nilisimama mlangoni kama kawaida yangu.

Na kuna hili ambalo limeninyima raha wiki hizi tano. Tangu siku ile hujawahi kulitamka neno “mchanga” mbele yetu. Hata watoto wa binamu zako walipozaliwa uliandika “mgeni”. Hili la kwenye picha lilikuwa la kwanza. Yaani ulikuwa umepata mahali, juu huko, mbali na sisi wote, ambapo unaweza kulisema tena neno hilo bila kuumia, na hata ukafanya nalo utani na mimi. Sisi tukalidaka, tukaliwekea spika na watu kumi na mmoja. Nisamehe, mwanangu. Nisamehe sana. Sina neno jingine kubwa kuliko hilo.

Sasa nipumue kidogo, nikupe habari za nyumbani.

Baba yako amekuwa mtu mwingine. Alimfuata mwalimu kwa siri, akifikiri sitajua, na mimi chumba changu kiko chini ya ngazi. Alitaka kujua kama ni kweli lile vumbi la huko ndani yake mna vitu vile vile vinavyofanya mchanga. Mwalimu akakohoa, akasema ndiyo, kwa sehemu kubwa. Tangu hapo hakai. Kazini amewaambia mafundi wenzake kwamba binti yake naye yuko kwenye mchanga, ila wa juu. Wamemuuliza unachekechwa vipi. Akasema haujafika hatua hiyo, bado unakusanywa.

Siku nyingine nilimwona ameketi kwenye lundo la mchanga pale kwenye ujenzi, wakati wa mapumziko, anauchota kiganjani na kuuachia pole pole, anautazama unavyoanguka. Chai imepoa pembeni. Sikumsogelea. Kila Jumapili saa yako ikikaribia ananyoa ndevu, anakuja chumba cha mbele na bisibisi, anajitia anarekebisha mguu wa kiti kilicho jirani na simu. Mguu huo umeshakazwa mara tano. Kiti kizima, aliyelegea ni yeye.

Mama yako ile kofia aliifumua siku ile ile barua ilipokuja. Nilimwona. Alifumua taratibu, mstari kwa mstari, akazungusha uzi mpaka ukawa donge, akaurudisha kabatini. Hakukasirika, na anakuomba usimwonee huruma. Picha yako ameitia kwenye fremu. Iko ukutani, jirani na ile yako ya shule uliyofumba macho. Mgeni akiingia akauliza ni nini, mama yako anamweleza mwenyewe, tangu gesi mpaka vumbi, na siku hizi anaeleza vizuri kuliko mimi. Anakosea tu kwenye miaka. Anasema laki mbili na nusu, sijui hiyo nusu ameitoa wapi.

Mshonaji wa chini anakusalimu sana na anakuomba radhi kwa kelele zake. Yeye ndiye aliyepiga mluzi kwenye simu. Mwenye duka anakusalimu. Mwalimu anakusalimu kwa heshima, na ana maswali kumi na manne aliyoyaandika kwenye karatasi, nimeyafunga humu humu kwenye bahasha, yajibu ukipata nafasi. Binamu zako wote wanakusalimu. Mkwe wetu mpe mkono wangu, mwambie namshukuru kwa kukaa nawe kimya kipindi ambacho sisi tulishindwa kukaa kimya. Mungu awalinde huko juu, awape usingizi mzuri na hewa ya kutosha, na hiyo nyota yenu aitunze mpaka ijifunue.

Nilitaka nifunge barua hapa. Nimeshaikunja mara moja, nimeikunjua tena, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote bado sijalisema.

Siku ile ya miaka miwili iliyopita, uliponipigia kutoka hospitali, kabla sijakuambia hayo ya kwamba utapata mwingine, wewe ulikuwa umeanza kusema kitu. Ulisema, “Shangazi, alikuwa na…” Mimi nikakukata. Nilisikia kabisa kwamba hujamaliza, na nikakukata makusudi, kwa mazoea, ili usiendelee. Hujawahi kulirudia tena. Nimehesabu, ni miaka miwili na miezi miwili umekaa na sentensi hiyo nusu mdomoni.

Mimi leo nimeondoka pale mlangoni. Simu yangu nitaiweka mapajani, spika nimeizima, chumba nimewaambia wanipishe. Si lazima iwe Jumapili. Piga siku yoyote, au andika, au ukiona vigumu tuma hata neno moja tu.

Alikuwa na nini, mwanangu?

Akupendaye, na ambaye safari hii anasikiliza tu,

Shangazi yako.